Jalada la Wakili Kenge

Flashi nimeinunua kwa kinyozi wa stendi ya Newala,
elfu mbili msimu mzima:
sehemu kumi na tatu za Wakili Kenge,
joho limempwaya, mkia hauenei kizimbani,
na Hakimu Kobe anayeingiza kichwa ndani
kila hoja ikiwa ngumu.

Mchana mimi ni karani wa mahakama ya mwanzo.
Nagonga mihuri, naita majina mlangoni mara tatu.
Usiku navua viatu, naketi na mwanangu Dachi,
bakuli la korosho zilizovunjika katikati yetu,
na mahakama inaanza upya.

Dachi ana miaka tisa na daftari la alama.
Ya pili kaipa tisa: Mbweha anaishtaki mvua
kwa uchelewaji, nayo inakuja na ndoo, inajitetea,
"Niliitwa kwa barua. Barua ililowa."
Sisi ambao maji ya kunawia uso huosha vyombo
kisha huenda kwenye mchicha,
tulicheka huku tukilitazama pipa la uani.

Ya saba, sifuri. Kenge kapenda. Nyimbo nne, kesi hakuna.
Hapo hatuna ubishi.

Ubishi ni wa ya nne.
"Mama, hakuna kilichotokea!" Kaipa moja.
Kweli. Kuku anamdai jirani nusu ya kiota.
Kenge anasimama, anafungua mdomo:
shahidi hayupo. Tarehe kumi na nne.
Anasimama tena, joho limepigwa pasi:
hakimu yuko semina.
Jalada halionekani.
Jalada limeonekana, limetegeshwa chini ya meza inayocheza;
wakilichomoa meza inalala, wino unamwagikia kalenda.
Mwishoni Kuku kizee, jirani marehemu,
na Kenge, wamemchorea mvi asizostahili kuwa nazo,
ananong'ona, "Tuko tayari, mheshimiwa."

Nilicheka mpaka Dachi akapunguza sauti anitazame.
Sikumwambia kuhusu mirathi ya mama yangu,
mikorosho ishirini na sita kule Kitangari,
imeahirishwa mara tisa,
na mara mbili tangazo nimelichapa mimi,
nikalibandika ubaoni,
nikarudi nyuma hatua tatu
kulisoma kama mtu wa kuja.

Sasa ya kumi na moja.
Dachi kaipa kumi.
Mshtakiwa ni Panya, mwizi na juha,
anakiri hata makosa ambayo hajasomewa.
Wamempa sauti yetu.
"Yule ntu," anasema, "kanipa nkono,"
na mahakama nzima, Twiga, Fisi, askari wa zamu,
inaanguka kwa kicheko.
Nami nilicheka. Naliweka hili kama kiapo: nilicheka.

Jumamosi yake akaja bibi yake, Bi Lukia,
na kikapu cha ming'oko ya kuchemsha.
"Ntoto wangu yu wapi?" aliuliza kutoka mlangoni.
Dachi akamjibu kwa sauti ya Panya.
Sawasawa kabisa, hata kikohozi.

Bi Lukia alicheka kidogo, kile cha kuomba radhi.
Kisha mlo mzima akawa anachagua:
m-toto. M-kono. M-chuzi.
Kama anayevuka uwanja na viatu vya kuazima.

Usiku nilimwita Dachi mara tatu, kikazi.
Akaja na daftari.
"Kwa nini kumi?"
"Walicheka wote."
"Wote?"

Akairudisha nyuma. Akaisimamisha, akasogelea kioo,
akapekua benchi kwa benchi kwa ncha ya kidole.
Nyuma kabisa, karibu na dirisha,
panya mmoja mkubwa, kanga begani, mdomo umefungwa.
Mchoraji gani alimweka pale, na kwa nini,
sijui. Hana hata jina.

Dachi alimtazama muda mrefu.
Kumi hakuifuta.
Alichukua mng'oko wa mwisho, akaumenya polepole,
akafunga daftari.
"Mama," akasema, "nipangie tarehe nyingine."